Kibao chetu kimeng'olewa na wageni wanapitiliza hadi Bereko. Tufanyeje?

*"Shikamoo mhandisi. Sisi ni kikundi cha vijana tunaoongoza wageni kwenye michoro ya miambani hapa Kolo, wilayani Kondoa. Tumeanzisha na kambi ndogo ya mahema, kama kilomita tatu kutoka barabara kuu ya Dodoma–Babati. Tulichangishana tukamlipa fundi akatuchorea kibao kizuri cha rangi ya kahawia kama vile vya mbugani: jina la kambi, twiga, orodha ya huduma, namba tatu za simu na mshale. Tukakisimika pembeni mwa lami. Baada ya miezi michache tulikikuta kimepigwa X nyekundu, wiki iliyofuata kikang'olewa. Hakuna aliyetueleza kitu. Hata kilipokuwepo, wageni walikuwa wanapitiliza, wanatupigia simu wakiwa Bereko. Je, hii ni haki? Hivi vibao vya kahawia vya serikali vinapatikanaje? Mwenzetu mmoja anasema tuchore tu mishale kwenye mawe ya njiani, kwa kuwa jiwe haling'olewi. Tunaomba ushauri."*

Marahaba vijana, na poleni. Hela ya kuchangishana inauma kuliko hela ya mfadhili. Lakini katika barua yenu kuna sentensi moja iliyonishughulisha zaidi ya hiyo X: kwamba wageni walikuwa wanapitiliza hata kibao kilipokuwepo. Maana yake hata kingerudishwa kesho palepale, mngeendelea kupokea simu kutoka Bereko. Kwa hiyo nitalijibu la haki kwanza, kisha niingie kwenye ugonjwa wenyewe.

Barabara haiishii pale lami inapoishia. Kwa Sheria ya Barabara ya mwaka 2007, hifadhi ya barabara kuu na za mikoa ni mita 30 kila upande, ukipima kutoka katikati ya barabara. Zamani ilikuwa mita 22.5, ndiyo maana kuna watu wengi nchini waliojenga nje ya hifadhi kisha wakajikuta ndani. Kibao chenu, kwa maelezo yenu ya "pembeni mwa lami", kilikuwa ndani kabisa, hakuna ubishi. Humo hasimiki mtu kitu bila kibali cha msimamizi wa barabara, na msimamizi wa barabara kuu kama yenu ni TANROADS, yaani Wakala wa Barabara Tanzania. Za wilaya na za vijijini ziko chini ya TARURA, Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini.

Mnaweza kuona ni ukali usio na sababu, maana kibao kimoja kinamdhuru nani? Kinadhuru. Bomba la chuma lililozamishwa kwenye zege, mita moja na nusu kutoka kwenye lami, ndilo analokutana nalo kijana wa bodaboda anayelikwepa lori. Kibao kipana kikikaa kwenye kona ya njia panda kinamziba dereva anayetaka kuingia barabara kuu, asione kinachokuja. Halafu kuna rangi. Katika mfumo wa alama za barabarani wa nchi za SADC, kibao cha kahawia chenye maandishi meupe kimetengwa kwa ajili ya vivutio na huduma za utalii. Uingereza na Ufaransa nako rangi ni hiyohiyo. Mgeni anayejiendesha mwenyewe kutoka Johannesburg au London akiona kahawia anaamini kuna mamlaka iliyothibitisha kwamba mahali hapo papo, na panafikika. Mkipaka rangi hiyo kwenye bango lenu la biashara mnaazima imani ambayo hamjakabidhiwa. Najua hamkukusudia, lakini mkaguzi akipita anaona tangazo lililovaa sare ya serikali.

Kwa hiyo kuondolewa kwake kulikuwa halali. Kutoelezwa ni jambo jingine. Andikeni barua fupi, ya heshima, muulize kibao kilitolewa kwa kosa gani na kiko wapi. Majibu yake yatawasaidia kwenye maombi yanayofuata, na bati lenyewe likipatikana linafaa kwa kazi nitakayoitaja chini.

Sasa kwa nini wageni walipitiliza. Wengi wanadhani kazi ya kibao cha barabarani ni kumvuta mtu aliyekuwa anaenda zake. Hiyo ni kazi ya tangazo, na dereva anayeenda Arusha akiwahi mizani au akiwahi watoto nyumbani hageuzwi na twiga aliyechorwa kwenye bati. Kibao cha mwelekeo kinamhudumia mtu ambaye tayari anawatafuta. Ameshasikia habari za Kolo, ameshapiga simu, yuko njiani, na anachotaka ni kitu kimoja tu: nikate wapi? Ukilielewa hilo, nusu ya maandishi ya kibao chenu yanajifuta yenyewe. Aliyekwisha kupiga simu hahitaji namba tatu za simu zikiwa zinampita kwa kasi.

Hesabu yake ni hii. Herufi yenye urefu wa sentimita 1 husomeka vizuri kwa umbali wa mita 4 hivi kwa mtu mwenye macho ya kawaida. Mafundi wetu wa mabango, kwa kuwa wanataka kila kitu kiingie, huishia na herufi za sentimita 6 au 7. Chukueni 6: itasomeka kuanzia mita 24. Gari lenye kasi ya kilomita 80 kwa saa linakwenda mita 22 kila sekunde moja. Dereva wenu amepewa sekunde moja na kidogo asome jina la kambi, orodha ya huduma, namba za simu, na aone mshale. Na hata hiyo sekunde haipati yote, kwa sababu akishakaribia sana kibao kinakuwa pembeni mno, macho yake yako mbele barabarani.

Tuseme basi ana macho makali na amesoma. Gari la kilomita 80 kwa saa, likipunguza mwendo taratibu bila kuwarusha abiria, linahitaji zaidi ya mita 100 ili lifikie mwendo wa kukata kona ya kuingia kwenye njia ya vumbi. Mgeni anayesoma kibao akiwa mita 24 kutoka kwenye kona ana mambo mawili ya kuchagua: apige breki za ghafla, nyuma yake kuna basi, au apitilize, atafute pa kugeuzia. Wenye busara wanapitiliza. Milima ya kuelekea Bereko haina sehemu nyingi nzuri za kugeuza gari, kwa hiyo simu inapigwa ikiwa imeshachelewa.

Kuna jambo wazee wa hapo Kolo watawathibitishia. Barabara hii ya Dodoma–Babati, kilomita 251, ilizinduliwa ikiwa na lami yote mwaka 2018. Kabla ya hapo magari yalikuwa yanajikongoja kwenye vumbi na makorongo, na ubao uliochorwa kwa mkono ulitosha. Dereva alikuwa na muda wa kuusoma, kusimama na kumsalimia mtu chini ya mti. Lami imebadilisha kasi, ila mazoea ya kuchora vibao yamebaki ya wakati wa vumbi. Mimi hilo ndilo nalilaumu kuliko fundi wenu.

Kibao kinachofaa kwenye barabara ya kasi hiyo kina herufi zisizopungua sentimita 20, ambazo zitasomeka kuanzia mita 80 hivi, na maneno machache mno: *Michoro ya Kolo*, mshale, basi. Msiandike yote kwa herufi kubwa. Neno lenye herufi ya kwanza kubwa na nyingine ndogo lina umbo lake, jicho linalitambua kabla halijasoma herufi moja moja. Na kibao kimoja hakitoshi. Kinatakiwa cha kutangulia, mita 200 hadi 300 kabla ya kona, kinachomwambia dereva ajiandae. Halafu cha kwenye kona yenyewe. Vyote viwili viwepo kwa anayetoka Dodoma na kwa anayetoka Babati, upande wa kushoto wa kila mmoja. Barua yenu inataja kibao kimoja chenye mshale mmoja. Aliyetoka Arusha alikuwa anaona mgongo wa bati.

Kuhusu kuakisi: rangi ya mafuta haiakisi mwanga wa taa za gari kama inavyotakiwa. Mwanga ukiigonga unasambaa ovyo. Riflekta ya vibao vya barabarani ina chembe ndogo za kioo au vipande vidogo vyenye pembe zinazourudisha mwanga kulekule ulikotoka, yaani kwenye macho ya dereva. Ni ghali. Kwa barabara kuu hakuna mjadala, lazima iwepo. Kwa njia zenu za ndani, ambako wageni wanapita mchana, rangi nzuri inatosha, ila jueni jua la Dodoma halina huruma na rangi ya kahawia. Baada ya misimu michache inapauka. Nguzo ya mbao italiwa na mchwa msipoitia dawa, na bomba la chuma lina wanunuzi wake wa vyuma chakavu. Wengine huponda ncha ya bomba na kulijaza zege ndani ili lisiwe na thamani kwenye mizani. Inasaidia.

Haya, njia za kufuata. Ya kwanza ni kuomba kibao rasmi cha kahawia. Hapa niwaambie ukweli: kambi ya mahema ya watu binafsi, hata ikiwa nzuri namna gani, ina hoja dhaifu. Michoro ina hoja nzito. Eneo la Kondoa liko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2006. Ombeni kibao cha michoro, si cha kambi, na msiombe peke yenu. Barua iandikwe kupitia serikali ya kijiji, iende kwa ofisa wa utalii wa halmashauri, iungwe mkono na ofisi inayosimamia eneo la michoro pale Kolo, ndipo ifike kwa Meneja wa TANROADS Mkoa wa Dodoma. Ambatanisheni mchoro rahisi unaoonyesha barabara, njia panda, umbali, na mahali mnapopendekeza. Kwa kawaida anayeomba ndiye anayegharamia, na wahandisi ndio wanaotoa vipimo. Kwa hiyo msimpe fundi hata senti kabla hamjavipata hivyo vipimo mkononi kwa maandishi.

Na kibao hicho kielekeze ofisini, kisielekeze mwambani. Nalisisitiza kwa sababu nimewahi kuona vijiji vingine vikitamani kibao kimpeleke mgeni moja kwa moja kwenye kivutio. Pale Mungomi wa Kolo, mojawapo ya maeneo ya michoro hiyo, kuna mapango ambayo wenyeji bado wanayatumia kwa matambiko yao, na michoro yenyewe haina mlinzi aliyeketi saa zote. Mgeni anayefika bila mwongozaji ataishika michoro kwa mikono, pengine aimwagie maji ili ing'ae kwenye picha. Akianzia ofisini analipa kiingilio, anapewa mwongozaji, na mwongozaji ni ninyi. Kibao kinachoelekeza ofisini kinawalinda ninyi pia.

Nembo ya Urithi wa Dunia msiiweke kwenye bango la kambi. Ina taratibu zake za idhini, na Tume ya Taifa ya UNESCO ndiyo pa kuulizia.

Njia ya pili ni bango la kwenu wenyewe, nje ya mita 30, kwenye ardhi ya mtu aliyekubali kwa maandishi mbele ya mwenyekiti wa kitongoji. Linaweza kupatikana mapema kuliko la kwanza, na humo mnaweza kuchora twiga wenu. Ubaya wake ni umbali: mkisogea mita 30 herufi lazima zikue, na msimu wa mvua vichaka na mahindi vitaziba. Tena mabango ya biashara yana ada, kwa hiyo piteni halmashauri kwanza, msije mkasimika leo mkadaiwa kesho. Rangi iwe yoyote isiyo ya alama za barabarani. Bati lenu la zamani, likirudi, lipakwe upya litumike huku.

Mimi ningeanza na ya pili huku barua ya kwanza ikizunguka kwenye meza za watu. Ila kama fedha ni ya kibao kimoja tu, ningeiacha barabara kuu kabisa na kuipeleka kwenye zile kilomita tatu za ndani.

Ndiyo, za ndani. Watu huweka nguvu zote kwenye lami wakamwacha mgeni yatima akishaingia vumbini. Kule ndiko anakopotea kweli. Njia inagawanyika kwenye mwembe, moja inaenda kisimani, nyingine inaenda shambani kwa mtu, na zote mbili zina alama za matairi. Kila panapogawanyika pawe na kibao kidogo, hata cha futi moja, chenye jina lilelile, rangi ileile na mwandiko uleule wa kibao cha mwanzo, ili mgeni asijiulize kama ni mahali pengine. Na baada ya kila panda, mbele kidogo, kiwepo kingine cha kumthibitishia kwamba hajakosea. Mtu aliyekwenda nusu kilomita bila kuona dalili yoyote anaanza kuzungumza na mwenzake kuhusu kurudi. Kibali cha huku ni rahisi: njia ikiwa ya wilaya mnaenda TARURA, ikiwa ya kijiji ni serikali ya kijiji. Msipigilie misumari kwenye mibuyu, tafadhali.

Njia ya tatu, ya mwenzenu, ya mishale kwenye mawe. Hapana. Hapa sina lugha laini. Mary Leakey, yule mtafiti wa mambo ya kale, alipokuja Kondoa mwaka 1951 kunakili michoro hii, alikuta mwamba baada ya mwamba, na mpaka leo idadi ya mapango na vibanda vya miamba vyenye michoro inakadiriwa tu, kati ya 150 na 450. Haijahesabiwa ikaisha. Nani kawahakikishia kwamba hilo jiwe la njiani, upande wa pili penye kivuli, halina mchoro uliofifia? Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda michoro ya miambani, na kuiharibu ni kosa. Tena rangi ya mafuta haitoki kwenye jiwe bila kulikwangua jiwe lenyewe. Ninyi mnaishi kwa michoro hiyo. Mgeni akikuta mshale mwekundu wa jana kwenye mwamba, atajiuliza na ile mingine ni ya lini.

Na la haraka, ambalo mnaweza kulifanya leo jioni kwa simu iliyoko mfukoni: pini ya ramani. Wageni wengi wanaojiendesha siku hizi wanafuata simu. Mmoja wenu asimame kwenye njia panda ya lami, si kambini, aiweke pini pale. Ya kambini iwe ya pili. Ramani za simu mara nyingi humpitisha mtu kwenye njia fupi inayoonekana kwenye picha za angani, kumbe ni korongo la mchanga linalojaa maji masika. Mkimpa pini ya njia panda mnamlazimisha aanzie mahali sahihi. Kisha mwandikieni maelekezo ya maneno, aina mbili, moja kwa anayetoka Dodoma na nyingine kwa anayetoka Babati, yenye vitu visivyohama: msikiti, zahanati, daraja, nguzo ya kilomita na namba yake. Msitaje duka la fulani, maduka yanahama. Maelekezo hayo mgeni ayapate siku moja kabla, kwa kuwa mtandao kwenye vilima hivyo hukatika.

Kuna mambo ambayo sitawaamulia kwa kuandika. Kama njia panda yenu iko kwenye kona au mteremko, mahali pa kibao cha kutangulia panahitaji mhandisi aje asimame pale na kuangalia magari yanavyokuja. Muombeni atoke ofisini kwa meneja wa mkoa kabla hamjachimba hata shimo moja. Kama mwenye shamba na jirani yake wanagombea mpaka, malizeni hilo kwa baraza la kijiji kwanza. Na kama X imepigwa pia kwenye kibanda chenu cha mapokezi, ambacho hamkukitaja lakini wengi huwa nacho karibu na barabara, msingoje: nendeni na hati au makubaliano ya eneo lenu mkapimiwe mita 30 kutoka katikati ya lami, mkiwapo wenyewe na mwenyekiti wenu, na vipimo viandikwe.